Namba Ukutani

Unga wa gumbo, ule mchuzi mzito wa huku kwetu, hautaki mchezo. Unaukaanga kwenye mafuta huku mwiko haupumziki, na ukigeuza shingo kidogo tu, umeungua. Ijumaa ile, tarehe sita Septemba, Eulalie Naquin aligeuza shingo, kwa sababu televisheni ilikuwa imeonyesha duara jekundu baharini, chini kabisa ya ramani, na mtangazaji alikuwa amevua koti. Watu wa Bayou Lucien, kijiji chetu cha kando ya mto wa kinamasi, wanajua kwamba mtangazaji wa hali ya hewa akivua koti, mambo si mazuri.

"Kitu kinaungua huko, Lali," mumewe, Ovide, alisema kutoka kwenye sofa.

"Naona. Wewe msikilize huyo anasema nini."

"Anasema maneno yake ya kila mwaka. Kuna kimbunga kimezaliwa, kinaitwa Thelma, kitakuja au hakitakuja." Ovide alijinyoosha mgongo, ule mgongo uliobaki baada ya miaka thelathini na minne ya kuchomelea vyuma kwenye karakana ya meli. "Mimi namwomba kitu kimoja tu huyo Thelma. Akija, asiniachie hili sofa. Springi zake zinanichoma matakoni."

Alicheka peke yake. Eulalie alimwaga ule unga mweusi kwenye takataka, akaosha sufuria, akaanza upya.

Ovide alikuwa na haki ya kucheka. Kwa miaka thelathini na moja walikuwa wameilipia nyumba yao bima ya mafuriko ya serikali, na mara mbili maji yalipoingia serikali ililipa. Alama za maji hayo zilikuwa pale pale kwenye mlango wa jikoni, kwa penseli, kila moja na jina la kimbunga chake: Harriet, usawa wa goti, Junot, usawa wa kiuno. Ovide alikuwa akipita hapo kila siku bila hofu. Makaratasi ya nyumba yalikuwa kazi ya Eulalie, maana Ovide akiona fomu ni kama ameona nyoka.

Kwa hiyo hakujua kwamba bima ile haikuwepo tena. Hakujua pia kwamba kulikuwa na nyingine, ambayo ilikuwa imekwisha kulipiwa, lakini ingeanza kufanya kazi Jumapili ya tarehe kumi na tano Septemba, saa sita na dakika moja usiku. Nyuma ya mlango wa stoo kulikuwa na kalenda ya chakula cha shule ambako Eulalie alikuwa mpishi. Kila asubuhi alikuwa akitia nukta moja ya kalamu chini ya tarehe, ndogo kama kinyesi cha inzi, asije mtu akauliza. Zilikuwa zimebaki siku tisa.

*

Jumamosi asubuhi alimwambia Ovide anakwenda kununua mchele, akaenda moja kwa moja kwenye ofisi ya Kerwin Billiot, kile chumba kilichobanwa kati ya kituo cha petroli na duka la chambo. Kerwin alisimama upesi mpaka kiti kikaanguka.

"Nanan," alisema.

Hivyo ndivyo mtoto anavyomwita mama aliyempakata siku ya ubatizo. Eulalie alikuwa ndiye nanan wa Kerwin, miaka ishirini na sita sasa, na alimpenda kuliko wapwa zake wa damu, ingawa hilo hakuwahi kulisema mbele ya dada zake. Na huku kwetu mtoto wa ubatizo akifungua kazi, mteja wa kwanza ni nanan wake. Akifungua kibanda cha kunyoa, utanyolewa. Akifungua duka la majeneza, utachagua lako. Nanan akienda kununua kwa mwingine atasemwa mpaka siku ya kuzikwa, na hata siku hiyo hawatamaliza.

Basi Agosti ya mwaka uliopita, Kerwin alipopata leseni ya uwakala wa bima, alikuja jikoni kwake na keki na fomu za kampuni moja ya binafsi yenye picha ya korongo kwenye karatasi. Serikali ilikuwa inawatoza dola mia sita na kumi na mbili kwa mwaka. Korongo alitaka mia nne themanini na nane. Eulalie si mjinga, aliuliza swali moja la maana: nikichoka na ndege wako, nitarudi serikalini kwa bei yangu ya zamani? Kerwin akamjibu kwa moyo mweupe kwamba atarudi, muswada umepita. Na kweli wote wawili walikuwa wamesikia kwa masikio yao, kwenye mkutano wa kituo cha zimamoto. Kijana wa ofisi ya mbunge, mwenye tai, alisimama akasema muswada wa ushindani umepita: makampuni binafsi sasa yatashindana na serikali, bei zitashuka, na mtu akienda binafsi kisha akarudi atahesabiwa kama hakuondoka. Watu walipiga makofi, wakala maandazi ya bure, wakaenda zao. Hakuna aliyenyoosha mkono kuuliza umepita wapi.

"Umeangalia televisheni?" Kerwin aliuliza.

"Nimeangalia. Nataka uwapigie tena hao watu."

"Nanan, tumewapigia mara nne."

"Mara ya tano haiumi."

Alipiga, akaweka sauti wazi mezani. Walisubiri dakika arobaini wakisikiliza kinanda. Kisha sauti ya mwanamke ikauliza namba, jina, anwani, tarehe ya kuzaliwa, na Eulalie akajibu yote akiwa amesimama, kama mtoto mbele ya mwalimu.

"Bi Naquin, naona bima yako mpya inaanza tarehe kumi na tano," alisema yule mwanamke. "Ni siku thelathini tangu kuomba. Ndiyo kanuni."

"Mimi si mgeni, mwanangu. Nimekaa kwenu miaka thelathini na moja."

"Naona hivyo. Lakini ulitoka mwaka mmoja."

"Nilitoka kwa kuwa kulikuwa na sheria. Sheria ya kwamba mtu akirudi anahesabiwa kama hakutoka."

Vidole viligonga kompyuta upande wa pili.

"Huo ulikuwa muswada, Bi Naquin. Bunge moja liliupitisha, Seneti haijaugusa. Haujawa sheria."

"Lakini Korongo ndiye aliyeniacha! Mimi sikumwacha! Ameandika Julai kwamba anaondoka pwani yote, hataki tena nyumba zetu. Hilo nalo ni kosa langu?"

"Sikusema ni kosa lako, mama. Nasema siku ni thelathini. Una swali jingine?"

Eulalie alitafuta swali jingine. Hakutaka simu ikatike, kwa sababu ikikatika atabaki na televisheni.

"Wewe unakaa wapi?" aliuliza.

"Samahani?"

"Huko kwenu kuna maji?"

"Niko Kansas, mama," alisema yule mwanamke, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtu. "Nakuombea."

Kerwin alikata simu. Alikwenda dirishani akafunga pazia, akarudi, akafungua droo, akatoa fomu mpya. Alizungumza akiangalia meza.

"Fomu yako niliituma tarehe kumi na sita Agosti. Lakini tuseme uliisaini tarehe tisa, ikalala kwenye droo yangu, nikaisahau. Pesa ulinipa taslimu, hundi iliandikwa na ofisi. Naandika barua kwamba ni uzembe wangu. Ukihesabu thelathini kutoka tarehe tisa..."

"Inaanza lini?"

"Kesho."

Kesho. Eulalie alihisi kifua kinafunguka, hewa ikaingia mpaka tumboni, kitu ambacho hakikuwa kimetokea tangu Julai. Aliketi, akachukua kalamu. Alikuwa amekwisha andika herufi ya kwanza ya jina lake.

"Na wakigundua?"

"Leseni itakwenda."

"Leseni tu?"

Kerwin aliisogeza fomu. Mezani kulikuwa na picha ya binti yake amevaa mabawa ya kipepeo ya shule ya chekechea. "Ni pesa za serikali, Nanan. Wanafunga watu kwa hilo. Lakini hawatagundua. Kwa dhoruba hii watakuwa na fomu laki moja."

Ningependa kusema kwamba Eulalie alikataa palepale. Hakukataa palepale. Alikaa na ile kalamu akiwaza jikoni yake, sakafu aliyoisugua Ovide kwa msasa akiwa amepiga magoti, kitanda, kabati la mama yake, na mahali pengine pa kwenda ambapo hapakuwepo. Aliogopa maji kuliko alivyoogopa dhambi. Kisha akaangalia mkono wa Kerwin uliokuwa umeishika fomu isiteleze. Yeye ndiye aliyemshikilia mtoto huyu juu ya beseni la kanisa siku ya ubatizo, mtoto akalia mpaka akapasuka mshipa wa pua. Padri alicheka, akasema, nanan, mshike vizuri.

"Chana," alisema.

"Nanan, fikiri kwanza..."

"Nikifikiri nitasaini. Chana nikiona."

Kerwin alichana. Eulalie akaitia ile kalamu mkobani mwake, kana kwamba ndiyo kalamu pekee iliyokuwepo ofisini, akatoka. Mpaka anafika nyumbani hakukumbuka mchele.

*

Jumanne amri ikatoka: wote walio kusini ya daraja wawe wameondoka Alhamisi saa sita mchana. Tangu alfajiri bayou nzima ilisikika nyundo na misumeno. Watu walipeleka magari yao ya pili juu ya daraja, maji yasikofika, wakayapanga upande mmoja kama kawaida. Waliinua friji juu ya matofali, wakafunga madirisha kwa mbao.

Ovide alikuwa amekaa kwenye ngazi za mbele anakunywa kahawa.

"Mgongo wako unauma?" Eulalie alimuuliza.

"Hauumi. Nautunza."

"Njoo basi tuinue sofa."

"Sofa? Hilo sofa nimeshaliaga. Friza nalo liache, linanguruma kama trekta. Mara hii nataka lile la milango miwili, ulilolipenda kwa Hazel."

Hazel Lirette, jirani yao, mjane wa miaka sabini na tatu mwenye ulimi, alikuwa akipigilia mbao zake mwenyewe upande wa pili wa uzio. "Msikilize huyo!" alipaza sauti. "Kimbunga kinakuja, yeye anaagiza samani!"

"Wivu tu, Hazel! Wewe hulipi bima ya vitu vya ndani, unalipa ya kuta!"

"Mimi ndani nina nini? Paka na picha ya marehemu. Wote wanaelea!"

Walicheka, na Eulalie naye akacheka, mkono mdomoni kama alivyozoea. Meno yake ya juu upande wa kushoto yalikuwa yamekwisha miaka mitatu iliyopita, na watoto wa shule walikuwa wamempa jina kwa ajili hiyo. Alikuwa akiweka akiba ya meno ya kubandika. Ovide alikuwa akimuuliza kila baada ya wiki chache, meno lini, naye alikuwa akijibu Januari.

Aliingia ndani akaanza kuinua vitu peke yake. Aliinua mashine ya kushonea, kabati la mama yake droo moja moja, sufuria, vitabu vya sala, viatu. Alilisukuma sofa kwa bega mpaka ukutani, akainua mguu mmoja, akapenyeza tofali. Akainua wa pili. Wa tatu ulimponyoka ukampiga kwenye mfupa wa mguu, akatoa sauti.

Ovide akaja mlangoni. "Wewe mwanamke una nini? Utajivunja kwa kitu ambacho watu watatulipa?"

"Na wasipolipa?"

"Wasilipe kwa nini?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Eulalie alilijua hilo, na aliyaona maneno yote yamejipanga tayari. Lakini aliogopa. Hakuogopa kupigwa, Ovide hakuwahi hata kumkaripia vibaya. Aliogopa kuuona ule uso, uliokuwa umelala usingizi vizuri kila siku tangu Julai, ukigeuka kuwa kama wake.

"Sijui," alisema. "Watu wanabadilika."

"Watu ndiyo, namba haibadiliki." Akagonga paji la uso kwa kidole. "Saba sifuri nne, mbili mbili, tisa nane moja. Baada ya Junot nilikaa kwenye simu muda wa saa kumi na moja nikiwasomea hiyo namba. Nikifa nitamsomea Mtakatifu Petro." Alimtazama, akatikisa kichwa, akainama. "Haya, shika upande huo. Tunainua sofa la kutupa. Nimeoa kichaa."

Wakaliinua. Alhamisi asubuhi, kabla ya kufunga mlango, Eulalie alirudi stoo mara moja akatia nukta chini ya tarehe kumi na mbili. Zilibaki tatu.

*

Walikwenda kwa Inez, dada yake Eulalie, mwendo wa saa mbili kaskazini, watu kumi na mmoja kwenye nyumba ya vyumba viwili. Alhamisi jioni mtangazaji alisema Thelma amepunguza mwendo. Amesimama baharini kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, huenda akakaa huko siku mbili, tatu, hata Jumapili.

Eulalie aliinuka kwenye kiti. "Amesema Jumapili?"

"Amesema huenda," Inez alijibu. "Tupige magoti."

Wakapiga magoti wote sebuleni, watoto kwa wakubwa, wakashika rozari. Watu kumi walimwomba Mungu akigeuze kimbunga, akipeleke kwingine au akitawanye. Eulalie peke yake aliomba kichelewe. Mungu wangu, kije ukitaka, lakini kije Jumapili. Aliona aibu kwa dua ile, kwa sababu hata Jumapili maji yangeikuta nyumba ya Hazel, na paka, na picha ya marehemu. Aliomba hivyo hivyo, kutoka punje ya kwanza mpaka ya mwisho.

Ijumaa tarehe kumi na tatu, saa tisa alasiri, Thelma aliingia nchi kavu.

Hawakuona kitu huko kwa Inez ila mvua na miti inayolala. Umeme ulikatika. Simu ya mpwa mmoja ilikuwa na chaji kidogo, akasoma ujumbe kutoka kwa watu wa zimamoto: tuta la kuzuia maji la Bayou Lucien limepitwa juu, maji yako barabarani, yako kwenye veranda, yako ndani. Ovide alisikiliza akakuna kidevu.

"Basi sofa limekwenda," alisema, akampigapiga Eulalie mgongoni kumliwaza. "Usilie, Lali. Ni vitu tu. Kwani tuna shida gani sisi?"

Eulalie alikimbilia msalani, akafungulia bomba ili asisikike.

*

Walirudi Jumatatu, tarehe kumi na sita. Tangu saa sita ya usiku wa kuamkia jana nyumba ilikuwa na bima, halali kabisa, dhidi ya maji mengine yatakayokuja.

Mlango ulikuwa umevimba, Ovide akausukuma kwa bega. Ndani tope lilikuwa limelala sawasawa kila mahali, la kijivu, linanuka mafuta ya dizeli na samaki. Sofa lilikuwa limeanguka kutoka kwenye matofali yake. Kabati la mama yake lilikuwa limefumuka ubavu. Kwenye mlango wa jikoni mstari wa maji ulikuwa umepita Harriet, umepita Junot, ukafika usawa wa kifua cha Eulalie. Alitoa ile kalamu ya Kerwin mkobani, akaandika pembeni: Thelma, 13 Septemba. Hakuna aliyemwambia aandike. Ni desturi tu ya nyumba.

Nje, bayou nzima ilikuwa inaandika kuta. Ndivyo inavyofanywa: simu hazishiki, barua haziji, na wakaguzi wa fidia wanapita na magari yao polepole wakisoma. Kila mtu anaandika kwa rangi ya kupuliza, kwa herufi kubwa, jina la mwenye bima na namba yake. Kwa Hazel ilikuwa tayari, imepinda, kwa rangi ya buluu. Ovide alikuwa ametoa kopo jekundu lililobaki tangu Junot. Akasimamisha ngazi kwenye ukuta mweupe unaotazama barabara, akapanda.

"Shika ngazi, Lali."

Alishika. Juu yake alisikia kopo likitikiswa, kisha mvumo wa rangi. NAQUIN. Matone mekundu yalimdondokea mkononi. Saba. Sifuri. Nne. Ovide alikuwa akiandika taratibu, kila tarakimu ndefu kama mtoto wa miaka mitatu, na kila akimaliza moja alikuwa akiitamka kwa sauti ya mtu anayehesabu baraka zake. Mbili. Mbili. Tisa. Nane.

"Ovide."

"Subiri, nimalize. Moja." Akaegemea nyuma kutazama kazi yake. "Nimekosea namba?"

"Hujakosea."

"Ala, sasa?"

"Namba hujakosea. Sisi hatumo."

Akasema yote akiwa ameshika ngazi, uso umeelekea ukutani: keki, Korongo, mkutano wa zimamoto, barua ya Julai, Kansas, tarehe kumi na tano. Hakulia. Alikuwa amekwisha lia kwa wiki sita. Kisha Ovide akashuka, ngazi moja moja, akasimama kwenye tope.

"Siku mbili," alisema.

"Siku mbili."

"Kerwin yuko wapi?"

"Usiende. Alitaka kuirudisha tarehe nyuma, tungekuwa salama sasa. Mimi ndiye niliyemkataza. Angefungwa."

"Ulimkataza?" Ovide alimtazama kama anayemtafuta mtu nyuma yake. "Nyumba yetu, Lali?"

"Nyumba yetu."

Alishusha pumzi, akageuka mara moja kutazama barabara, akageuka tena. Kitu kingine kilikuwa kinamjia polepole, Eulalie akakiona kinavyokuja, akatamani ardhi impokee.

"Hii bima mpya. Wamekutoza ngapi?"

"Elfu tatu mia tisa na arobaini."

"Umezitoa wapi?"

Mkono wa Eulalie ulikwenda mdomoni wenyewe.

"Ee Mungu," Ovide alisema. "Meno."

Hapo ndipo gari jeupe lilipotokea upande wa daraja. Lilisimama mbele yao, akashuka msichana mwenye viatu vya mpira na kompyuta ya kushikilia mkononi, anatabasamu jinsi walivyofundishwa.

"Bwana Naquin? Namba yako nimeisoma tangu darajani! Laiti wote wangeandika hivi." Akaanza kubonyeza. "Saba sifuri nne..."

Eulalie alifungua mdomo. Aliwaza atakavyosema, mbele ya Hazel aliyeacha ufagio kusikiliza, mbele ya familia nzima ya ng'ambo ya barabara. Alikuwa amejiandaa kwa maji. Kwa hili hakuwa amejiandaa.

"Acha, mwanangu, usijisumbue," Ovide alisema. Alikuwa amesogea, amesimama mbele ya mkewe, bega lake linamziba. "Hiyo ni ya zamani. Nimeandika mimi kwa mazoea, mzee nimechanganyikiwa. Sisi hatuna. Nenda kwa huyu mama wa jirani, ana paka wa kukaguliwa."

Msichana alitazama ukuta, akamtazama yeye, tabasamu likamtoka. "Pole sana, bwana," alisema, akavuka uzio kwenda kwa Hazel. Hazel alikuwa ameinamisha kichwa anafagia tope kwa nguvu.

Ovide aliliokota kopo, akalitikisa karibu na sikio. Lilikuwa bado na kitu kidogo.

"Shika ngazi," alisema.

Alishika. Ovide alipanda, akaanza kuzipulizia rangi tarakimu, kuanzia saba, akizigeuza kuwa ukanda mmoja mwekundu. Eulalie aliushikilia ule mti wa ngazi kwa mikono yote miwili. Kopo likakohoa, likatema hewa. Zilibaki tarakimu tatu za mwisho, tisa, nane, moja, kubwa na safi, zinasomeka mpaka darajani.